Jinsi ya Kutengeneza Meza ya Kando ya Kitanda kwa Plastiki Angavu

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale kila mara: ni gundi gani itumike, kwa nini kiungo kimejaa viputo, kwa nini meza iliyokuwa safi kama maji jana imetoka nyufa nyembamba leo, na je, plastiki hii haitageuka njano baada ya miaka michache? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeyapanga majibu hapa kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia kupima kitanda hadi kufuta vumbi. Meza inayoelezwa ni ndogo, ya kisasa, yenye kipande cha juu, mbavu mbili, mgongo na rafu moja, isiyo na droo wala skrubu hata moja. Ikiwa umenunua meza iliyokwisha kuundwa, ruka hadi sehemu ya matunzo, kwa kuwa makosa mengi yanayoharibu meza hizi hufanyika zikiwa tayari chumbani.

Jambo moja uliweke akilini kabla hujashika msumeno. Fundi wa mbao anaweza kuziba pengo kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akapiga vanishi juu yake, na mwenye nyumba asigundue kamwe. Plastiki angavu haina sitara hiyo. Kiungo huonekana kutoka mbele, kutoka juu na kupitia ubavu wa pili, na alama ya kidole iliyofungiwa ndani yake itakaa humo maisha yote ya meza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kuandaa kingo za vipande, na kuunganisha kwenyewe huchukua dakika chache tu.

Plastiki ipi?

Omba akriliki. Huenda muuzaji akaiita kwa majina ya kibiashara kama Plexiglas, jina lililosajiliwa nchini Ujerumani mwaka 1933, au Perspex, au Lucite. Yote ni plastiki ya jamii moja. Akriliki hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, ina uzito usiofika nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa ule ule, na huvumilia jua kwa miaka mingi bila kugeuka njano. Polistireni ni rahisi kwa bei lakini huvunjika upesi na hugeuka njano kwenye mwanga wa jua. Polikaboneti ni ngumu mno kuvunjika, ila hukwaruzika kwa urahisi zaidi kuliko akriliki, na kingo zake hazing'ai vizuri. Wengine huuliza mbona viti na meza za kiwandani hazina viungo kabisa. Jibu ni kwamba vingi humiminwa katika kalibu moja: kiti cha Louis Ghost, kilichobuniwa na Philippe Starck kwa ajili ya kampuni ya Kartell mwaka 2002, ni polikaboneti iliyodungwa katika kalibu kikatoka kizima. Hilo halifanyiki nyumbani, na wala usijaribu kuliiga.

Akriliki nayo ina aina mbili. Ipo iliyomiminwa kati ya mabamba mawili, na ipo iliyosukumwa kwenye mashine ikatoka kama utepe mpana. Kwa kazi hii chukua iliyomiminwa. Ile iliyosukumwa huyeyuka mapema zaidi inapokatwa, hushika kwenye meno ya msumeno, na hupata nyufa kwa urahisi inapoguswa na kimiminika cha kuunganishia. Kwa kawaida aina huandikwa kwenye karatasi au utando wa kinga unaofunika bamba. Ikiwa haikuandikwa, muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Vitu vinavyohitajika

Tayarisha kila kitu kwanza. Kimiminika cha kuunganishia kikishaingia kwenye kiungo, hutapata nafasi ya kwenda kutafuta skwea, yaani kifaa cha kupimia pembe mraba.

Bamba moja la akriliki lenye unene wa milimita 10 na ukubwa wa sentimita 100 kwa 100 linatosha. Kutoka katika bamba hilo utapata vipande vitano:

- kipande cha juu: sentimita 45 kwa 35;
- mbavu mbili: kila mmoja sentimita 49 kwa 35;
- rafu: sentimita 43 kwa 34;
- mgongo: sentimita 43 kwa 26.

Vipimo hivi vinatoa meza yenye kimo cha sentimita 50 na uzito wa takriban kilo 9. Usishawishike kutumia bamba la milimita 5 ili kupunguza gharama. Ukingo mwembamba hauna eneo la kutosha la kushikana, rafu itapinda chini ya vitabu vichache, na meza nzima itakuwa na sura ya boksi la maonyesho dukani.

Vifaa ni hivi: msumeno wa duara wa umeme wenye bledi ya meno mengi madogo ya kukatia plastiki, kisu kikali au chuma bapa cha kukwarulia, karatasi za msasa za namba 220, 400, 600, 800 na 1200, dawa ya kung'arishia plastiki, skwea, utepe wa karatasi usioacha gundi, vipande viwili au vitatu vya mbao vilivyonyooka kabisa kwa ajili ya kuegemeza, waya mwembamba wa takriban robo milimita, kimiminika cha kuunganishia akriliki, chupa laini ya plastiki yenye sindano butu, miwani ya kinga na glavu. Usitumie bomba la sindano la hospitalini badala ya chupa hiyo, kwa sababu kimiminika huvimbisha mpira wa ndani, bomba linakwama katikati ya kiungo, na ukilisukuma kwa nguvu linamwaga kila kitu mahali pamoja.

Kuhusu kimiminika chenyewe, elewa kwamba hicho si gundi kwa maana ya kawaida. Huyeyusha uso wa vipande viwili, nyuso hizo zikachanganyika, kisha chenyewe kikapaa na kuacha plastiki iliyoungana. Kwa hiyo gundi ya papo kwa papo haiwezi kuchukua nafasi yake: hiyo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kando ya kiungo. Silikoni nayo hushika kidogo sana na huonekana kama mstari wa maziwa.

Onyo lifuatalo si la kupitiwa harakaharaka. Vingi vya vimiminika hivi vina dikloromethani, kemikali ambayo mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hulevya na unaweza kuua katika chumba kilichofungwa. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake kwa matumizi ya nyumbani. Soma lebo, na palipo na kimiminika mbadala kisicho na kemikali hiyo, chukua hicho hata kama kinashika polepole. Vyovyote iwavyo, fanya kazi nje au mahali ambapo hewa inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, mbali na moto na sigara. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Glavu nyembamba hupenywa na dikloromethani baada ya dakika chache, basi zikilowa zivue mara moja na uvae nyingine.

Hatua za kazi

1. Pima kitanda, godoro likiwa juu yake. Uso wa meza unapaswa kulingana na uso wa godoro au kuwa chini yake kwa sentimita chache, ili mkono wa aliyelala ufike kwenye glasi ya maji bila kuinua bega. Ikiwa godoro lako liko sentimita 60 kutoka sakafuni, ongeza kimo cha mbavu hadi sentimita 57 au 58 na uache vipimo vingine vilivyo. Kumbuka tu kwamba mbavu ndefu zaidi zitabadilisha mpangilio wa ukataji, na bamba la sentimita 100 huenda lisitoshe.

2. Tengeneza mfano kwa maboksi. Kata makasha ya karatasi ngumu kwa vipimo vile vile, uyafunge kwa utepe, na uyaache kando ya kitanda usiku mmoja au miwili. Hatua hii huonekana kama mchezo wa watoto na wengi huiruka, lakini ndipo utakapogundua kwamba mlango wa kabati unagonga kona ya meza, au kwamba soketi ya umeme imefichwa nyuma ya mgongo. Kosa la boksi hurekebishwa kwa mkasi, na kosa la akriliki hurekebishwa kwa kununua bamba jingine.

3. Kata vipande. Hapa ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: mwombe muuzaji akukatie kwa mashine yake. Wauzaji wengi wa mabamba wana msumeno wa mezani, na ukataji ulionyooka ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Ukiamua kukata mwenyewe, acha karatasi ya kinga mahali pake, panga mbavu mbili kwenye safu ya kwanza, kipande cha juu na rafu kwenye safu ya pili, na mgongo kwenye safu ya tatu, ukiacha milimita 3 au 4 kati ya kipande na kipande kwa ajili ya njia ya bledi. Sukuma bamba kwa mwendo wa kudumu, bila kusimama. Ukisimama, bledi inasugua mahali pamoja, plastiki inayeyuka na kushikana tena nyuma ya msumeno. Njia ya kuchora mstari kwa kisu kisha kuvunja haifai kwa unene huu.

 Wengi huuliza kama wakate kwa leza, kwa kuwa ukingo hutoka ukiwa tayari unang'aa. Ukingo huo unapendeza, lakini joto la leza huacha mkazo ndani ya plastiki, na kimiminika kikiufikia, nyufa ndogondogo hutokea pale pale. Kwa kingo zitakazounganishwa, msumeno ni salama zaidi.

4. Zigawe kingo katika makundi mawili akilini mwako. Kuna kingo zitakazoshikana na kipande kingine, na kuna kingo zitakazobaki zikionekana. Ziwekee alama kwa kalamu juu ya karatasi ya kinga: "S" kwa za kushika, "O" kwa za kuonekana. Matibabu yao ni tofauti, na kosa linalorudiwa kuliko yote katika kazi hii ni kuzing'arisha zote sawasawa.

5. Nyoosha kingo za kushika. Shika kisu kwa mikono miwili, mgongo wa bledi ukiwa umesimama wima juu ya ukingo, kisha uvute kuelekea kwako kwa mwendo mmoja mrefu. Zitatoka nyuzi nyembamba kama nywele, na alama za msumeno zitatoweka polepole. Baada ya hapo pitisha msasa wa namba 220 kisha 400 uliobanwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, na uishie hapo. Ukingo wa kushika unapaswa kuwa na sura ya ukungu hafifu na uwe bapa kabisa. Ukiendelea kuung'arisha kwa kitambaa, pembe zake zitalainika na kujikunja kidogo, na upindo huo mdogo ndio utakaokuwa makao ya viputo.

6. Ng'arisha kingo za kuonekana. Anza na msasa 220, uende 400, 600, 800 na 1200, ukitumia maji kuanzia namba 600. Usipande namba inayofuata mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iwe imekwisha. Mikwaruzo ya 220 iliyoachwa njiani haitaondolewa na 1200 hata ukisugua mpaka jioni. Maliza kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Utajua umefika pale utakapoangalia kupitia ukingo na kuona vidole vyako upande wa pili kana kwamba vimo ndani ya maji. Mafundi wenye uzoefu hupitisha moto wa gesi kwenye ukingo ili ung'ae kwa sekunde chache, lakini moto nao huacha mkazo kama leza, na mkono usiozoea huacha mapovu au hata kuwasha plastiki. Usianzie huko.

7. Bandua karatasi ya kinga kwenye maeneo ya viungo tu. Ikate kwa uangalifu na uibandue kiasi cha sentimita 3 kutoka kila kiungo, na iliyobaki uiache mpaka mwisho ili isaidie kuzuia mikwaruzo. Hakikisha hakuna ncha ya karatasi inayogusa kiungo, kwa sababu kimiminika kitavutwa chini yake na kuacha doa lisilofutika. Osha sehemu iliyo wazi kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, suuza, na ukaushe kwa kupapasa, si kwa kusugua. Kuanzia hapa usiguse kingo za kushika kwa vidole vitupu.

8. Panga meza yote bila kimiminika. Shikilia vipande kwa utepe wa karatasi na mbao za kuegemeza, kisha upime kila kona kwa skwea. Ukiona mwanga unapita kwenye kiungo, rudi hatua ya 5. Kimiminika hiki hakizibi pengo. Kinaunganisha tu nyuso zinazogusana.

9. Unganisha, kiungo kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa kimelala chini ili uzito wa kipande chenyewe ukusaidie. Utaratibu ni huu:

 Kwanza, laza mgongo juu ya meza ya kazi, uso wake wa mbele ukiwa juu. Simamisha rafu juu yake kwa ukingo wake wa sentimita 43, sambamba na ukingo wa chini wa mgongo. Egemeza kwa mbao na upime kwa skwea. Sasa tumbukiza vipande vitatu au vinne vya waya mwembamba ndani ya kiungo, vikiwa vimeachana, ili rafu inyanyuke kiasi kisichoonekana vizuri kwa macho. Pitisha sindano ya chupa kando ya kiungo kwa mwendo mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Kabla ya hapo kiungo kitakuwa na rangi ya fedha kwa sababu ya hewa iliyomo. Kimiminika kikiingia utaona rangi hiyo ikifutika mbele ya sindano, kama karatasi inavyonyonya wino, na nyuma yake kukabaki uangavu. Subiri kwa takriban sekunde 30 ili nyuso zilainike, kisha uchomoe waya mmoja mmoja kwa utulivu. Rafu itashuka yenyewe. Kandamiza kwa viganja kidogo tu. Ukikandamiza kwa nguvu utakisukuma nje kile kilichokuwa kiunganishe.

 Usiguse kwa dakika 15. Ikiwa tone limeanguka juu ya uso wa bamba, liache lipae lenyewe. Ukilifuta, utaacha doa pana lenye ukungu, ilhali tone lililoachwa huacha alama ndogo inayoweza kusuguliwa baadaye.

 Pili, baada ya saa moja, laza ubavu mmoja na usimamishe juu yake umbo la rafu na mgongo ulilopata, ukingo wa juu wa mgongo ukilingana na ukingo wa juu wa ubavu. Rudia kazi ya waya na sindano. Tatu, baada ya saa nyingine, geuza na uunganishe ubavu wa pili kwa namna hiyo hiyo. Nne, laza kipande cha juu kifudifudi juu ya kitambaa safi, ukilipindua umbo zima na kulisimamisha juu yake, kisha uunganishe mbavu zote mbili na mgongo. Hapa ndipo haraka huwaponza wengi: viungo ni vitatu, kimiminika kinapaa, na mkono unaanza kutetemeka. Maliza ubavu mmoja, usubiri, ndipo uende mwingine.

10. Iache meza ikiwa imepinduliwa vile vile kwa muda wa saa 24, na usiweke kitu chochote kizito juu yake kabla ya saa 48 kupita. Kiungo hushika baada ya dakika chache, lakini nguvu yake kamili huja polepole, kadiri kimiminika kinavyotoka ndani ya plastiki.

11. Bandika vipande vya felti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa) au mpira chini ya mbavu, ubandue karatasi ya kinga iliyobaki, na uoshe meza yote kwa maji ya sabuni. Ingiza chumbani kwa kuinua kutoka chini ya rafu, si kwa kuvuta kipande cha juu.

Matunzo

Meza yangu ya kwanza haikuharibiwa na msumeno wala kimiminika. Iliharibiwa na chupa ya kitakasa mikono iliyokuwa ikivuja polepole karibu na kona ya nyuma. Asubuhi moja niliona miale midogo ya fedha ikitoka kwenye kiungo, kama utando wa buibui uliopata umande, na haikuondoka tena. Spiriti hushambulia akriliki mahali penye mkazo, na viungo na matundu ndimo mkazo ulimo. Kwa hiyo manukato, kitakasa mikono, kiondoa rangi ya kucha na dawa za kusafishia vioo zenye amonia au spiriti zote zikae mahali pengine, au angalau juu ya sinia. Asetoni ndiyo mbaya kuliko zote: tone moja huyeyusha uso ukiona.

Kwa usafi wa kila siku, tumia maji, sabuni laini kidogo na kitambaa cha nyuzi laini kilicholowa. Vumbi likifutwa kwa kitambaa kikavu hufanya kazi ya msasa, na kusugua huko huizidishia plastiki umeme tuli unaovuta vumbi jingine. Taulo za karatasi pia hukwaruza.

Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na haipaswi kukaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 80. Kikombe cha chai juu ya kisahani hakina madhara. Pasi ya nguo na chuma cha kunyooshea nywele vina madhara makubwa, na taa iwe ya LED badala ya balbu inayochemka. Mishumaa isiwekwe kabisa, kwa kuwa akriliki huwaka moto.

Na jambo la mwisho katika matunzo, ambalo si la kiufundi: kila kitu utakachoweka kwenye rafu kitaonekana kutoka mlangoni, pamoja na nyaya za chaji na dawa zako. Anayetaka meza hii kwa sababu ya wepesi wake machoni awe tayari kuweka vitu vitatu au vinne tu, na vilivyobaki avipeleke kwenye droo ya mahali pengine.

Matatizo na namna ya kuyashughulikia

*Viputo ndani ya kiungo.* Ukingo haukuwa bapa, au kimiminika kilikuwa kidogo, au waya zilichomolewa mapema. Ndani ya dakika moja ya kwanza unaweza kuongeza kimiminika kwa sindano na kukandamiza kidogo. Baada ya hapo viache. Viputo vichache havipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha, na kujaribu kufungua kiungo huharibu vipande vyote viwili.

*Ukungu mweupe kando ya kiungo.* Hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Kimiminika kinapopaa upesi hupoza uso, na unyevu wa hewa hutua juu yake. Subiri siku kavu, au tumia kimiminika kinachopaa polepole. Ukungu wa juujuu huweza kuondolewa kwa dawa ya kung'arishia.

*Nyufa za utando wa buibui.* Ikiwa zimetokea siku ya kuunganisha, chanzo ni mkazo ulioachwa na leza, moto au bledi butu. Viwandani huondolewa kabla ya kuunganisha kwa kuvipasha vipande joto la takriban nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kuvipoza polepole sana. Jiko la kuokea la nyumbani halifai, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka na plastiki itapinda. Ikiwa zimetokea baadaye, tafuta spiriti iliyo karibu. Nyufa zilizokwisha kutokea hazifutiki.

*Mikwaruzo.* Ule usiohisiwa kwa ukucha huondoka kwa dawa ya kung'arishia peke yake. Unaokwamisha ukucha unahitaji msasa 600, 800 na 1200 wenye maji, kisha dawa. Sugua eneo pana kuliko mkwaruzo wenyewe, la sivyo utaacha bonde dogo linalopindisha mwanga na kuonekana zaidi ya mkwaruzo ulioondoa.

*Meza inayumba.* Kwanza ihamishe mahali pengine, kwa kuwa mara nyingi mwenye kosa ni sakafu. Ikiendelea kuyumba, ongeza tabaka la felti chini ya kona iliyo juu. Usijaribu kupunguza ubavu kwa msasa baada ya kuunganisha. Utapunguza upande mmoja, kisha wa pili, na meza itaendelea kufupika bila kutulia.

*Kiungo kimeachia.* Kama kimeachia chote na nyuso ni safi, kwaruza mabaki, nyoosha upya kwa msasa 400 na uunganishe tena. Kama kimeachia nusu, ingiza kimiminika kwenye mwanya kwa sindano, ukandamize na usubiri siku mbili. Kikiachia tena mahali pale pale, chunguza kama bamba ni akriliki kweli: kimiminika cha akriliki hakishiki plastiki nyingine zote, na muuzaji anaweza kukupa bamba linalofanana nayo kwa macho bila yeye mwenyewe kujua.